Bando la Mbao

Jumamosi, 17 Agosti 2024. Kangemi

Shule zimefungwa na mpwa wangu ameletwa kwangu asome. Yuko kidato cha nne. Mwalimu wake wa fizikia huwatumia wanafunzi video za majaribio ambayo maabara ya shule haina vifaa vyake. Leo alinunua bando la saa moja, gigabaiti moja kwa shilingi ishirini na ushei. Akatazama video mbili, akiandika, akirudisha nyuma, akiandika tena, kama anavyotakiwa mtoto anayesoma kwa makini. Saa ikaisha. Zaidi ya nusu ya gigabaiti ikaenda nayo.

"Shangazi, mbona wameichukua na nilishailipia?"

Ni swali zuri, kwa hiyo sikutaka kulijibu ovyo. Jioni nilienda hadi kibanda cha simu karibu na steji nikanakili bei zilizobandikwa ukutani. Gigabaiti ya saa moja, ishirini na ushei. Gigabaiti hiyo hiyo ya siku nzima, mia kasoro moja. Ukitaka ikae mwezi, andaa karibu maradufu ya hiyo. Halafu lile ambalo karibu kila mtu hapa hununua: megabaiti 250 za saa ishirini na nne kwa shilingi ishirini, mbao.

Mnara ni ule ule na picha ni zile zile. Kinachopandisha bei ni ruhusa ya kutumia polepole. Wanaohitaji kutumia polepole ni wanafunzi, ni wanaojaza fomu za kazi, ni mama anayengoja ujumbe wa mwanawe aliye Qatar. Wangependa bando la mwezi, lakini mtu anayelipwa kwa siku ananunua unga kwa siku, mafuta ya taa kwa siku, na data kwa siku. Anauziwa saa, na megabaiti ni kisingizio.

Jumanne, 20 Agosti

Saa ya chakula cha mchana, ofisini Loita Street, nilichukua kikokotoo nikakaa na ile mbao. Ushuru wa bidhaa kwenye data ni asilimia 15. Juu yake, VAT ya asilimia 16, na VAT hiyo inatozwa pia juu ya ule ushuru. Ukirudi nyuma kutoka shilingi 20, kampuni inabaki na kama 15, na 5 zinakwenda kwa mamlaka ya mapato, KRA. Robo nzima ya bando la mtu maskini ni kodi.

Ushuru huo wa data uliingia mwaka 2018 kwa asilimia 15. Mwaka 2021 ukapandishwa hadi 20, mwaka 2023 ukarudi 15. Muswada wa Fedha wa mwaka huu ulitaka kuupeleka 20 tena. Vijana waliojaa Moi Avenue na Kenyatta Avenue mwezi Juni kuupinga walikuwa wamepangana kwa simu hizi hizi, kwa mabando haya haya ya mbao, na wengine hawakurudi nyumbani. Muswada ulikataliwa sahihi tarehe 26. Hesabu ya data haikuwa kiini cha kilio chao, lakini ilikuwamo.

Lingine la kuandika hapa kabla sijarudi kazini. Serikali ina asilimia 35 ya hisa za Safaricom, kampuni kubwa ya simu nchini. Serikali hiyo hiyo inateua bodi ya Mamlaka ya Mawasiliano, msimamizi wa kampuni za simu, na serikali hiyo hiyo inachukua shilingi tano katika kila mbao. Bei ikiwa juu, inavuna mara mbili: gawio na kodi. Sisemi kuna mtu mbaya amekaa mahali akipanga njama. Nasema kiti kimoja kina watu watatu, na mmoja tu kati yao ndiye aliyeajiriwa kunitetea mimi.

Ijumaa, 23 Agosti

Mchana nimekuwa maktaba ya McMillan, Banda Street, nikitafuta mambo ya mwaka 2000. Vijana wa ofisini hawaniamini ninapowaambia kwamba kituo cha intaneti cha nchi hii kiliwahi kufungwa na msimamizi mwenyewe kwa kosa la kuwa rahisi.

Iko hivi. Enzi hizo barua pepe kutoka Westlands kwenda Ngong Road ilipanda satelaiti, ikavuka bahari hadi ng'ambo, ikarudi kwa satelaiti tena, na safari yote ikalipiwa kwa dola. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti, kupitia chama chao TESPOK, zikaanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana mawasiliano hapa hapa Nairobi. Cha ndani kibaki ndani, kiende haraka na kwa bei nafuu. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kuwa peke yake katika mawasiliano ya nje, ikalalamika. Baada ya wiki chache tu tume ya mawasiliano, CCK, ambayo leo ndiyo Mamlaka ya Mawasiliano, ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa upya Februari 2002, kikiwa na leseni.

Miaka hiyo nilifanya kazi katika saiba moja Moi Avenue. Tuliuza dakika. Mteja aliandika barua yake kwanza kwenye karatasi, akaingia, akainakili mbio mbio, akatoka jasho likimtiririka. Bei ile hatukuipanga sisi vijana wa kaunta, na mwenye saiba naye hakuwa na la kufanya: nchi nzima ilitoka nje kupitia mlango mmoja, na mwenye ufunguo alikuwa mmoja. Haki ile ya Telkom ilipokwisha mwaka 2004, na mikongo ya baharini ilipofika Mombasa, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, ndipo mlango ulipanuka. TEAMS inatoka Fujairah kule Emirati, na serikali ilishiriki kuijenga kwa sababu ilichoka kungoja mradi wa pamoja wa nchi za Afrika Mashariki na Kusini. Hapo serikali ilifanya kazi nzuri na sioni haya kuisifu.

Kwa hiyo bei ya jumla ilianguka tangu pwani hadi Nairobi. Kilichobaki ghali ni kutoka mnara hadi mkononi.

Alhamisi, 29 Agosti. Usiku

Nimeamka kuandika kwa sababu jambo limenikaa vizuri kichwani na sitaki lipotee.

Agosti 2010. Zain, ambayo sasa ni Airtel, ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, mtandao wowote. Safaricom na wengine wakalazimika kufuata. Watu walinunua laini ya pili, ya tatu. Kina mama sokoni Kangemi waliongea na ndugu zao Mumias na Vihiga bila kuangalia saa. Tunapenda kusimulia habari ile kama ujasiri wa kampuni moja. Lakini muda mfupi kabla, CCK ilikuwa imeshusha ada ambayo mtandao mmoja hulipa mwingine kwa kuupokelea simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Hapo ndipo palikuwa na kufuli. Ikiwa kumpigia mtu wa mtandao mkubwa kunamgharimu mshindani mdogo 4.42, hawezi kuuza kwa 3 hata akiwa na moyo wa simba. CCK ililegeza kufuli, soko likafanya kilichobaki.

Halafu wakubwa wakapiga kelele. Hatua iliyofuata, ya mwaka 2011, ikaahirishwa. Ada ikashuka kwa kusuasua, mwaka 2014 ikafika senti 99, ikakaa hapo miaka na miaka. Mamlaka ikatangaza itakuwa senti 12 kuanzia Januari 2022. Safaricom ikaenda kwenye baraza la rufaa. Mwafaka ukawa senti 58 kuanzia Agosti 2022, na Machi mwaka huu zikawa 41. Senti 12 na senti 58 ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini angalau kulikuwa na namba ya kugombania.

Sasa hili ndilo lililoniamsha: data haina kufuli la namna hiyo. Ninapofungua video, hakuna mtandao unaomlipa mwenzake ada ya kupokea simu ambayo Mamlaka inaweza kuipunguza kwa kalamu. Msimamizi amekaa na chombo kilichotengenezewa sauti, na watu wamehamia kwenye data. Nguvu ya mwenye soko la data iko kwingine. Iko kwenye masafa, nani amepewa mengi na kwa bei gani. Iko kwenye minara, nani anaruhusiwa kutundika mitambo yake juu ya mnara wa nani, na kwa kodi ipi ya pango. Na iko kwenye M-Pesa ya Safaricom, kwa sababu mtu hatoi laini iliyo na pesa zake ili kuokoa shilingi kumi za bando. Tuliruhusiwa kuhama na namba tangu Aprili 2011 na wachache sana wakahama.

Mamlaka iliwahi kuyaona haya. Iliajiri washauri wa Analysys Mason, rasimu yao ikavuja mwaka 2017, na ndani yake mlikuwa na mambo haya haya: kushirikiana minara katika kaunti ambazo Safaricom iko karibu peke yake, pesa za simu ziweze kuvuka kutoka mtandao hadi mtandao. La pesa kuvuka lilianza Aprili 2018. La minara limebaki maneno. Hapo katikati Airtel na Telkom walitaka kuungana ili wapate kimo, wakatangaza Februari 2019, wakawekewa masharti, na Agosti 2020 wakaachana. Telkom imesinyaa tangu hapo. Soko lililokuwa na kampuni nne mwaka 2008 sasa lina moja kubwa iliyoshika karibu theluthi mbili ya laini zote, moja inayohema nyuma yake, na masalio.

Lazima niseme na upande wa pili, maana haki ni haki. Safaricom ilijenga minara mahali ambapo wengine walikataa kujenga. Kijijini kwetu ndiyo iliyofika kwanza, na kwa miaka mingi ndiyo pekee. Kumwambia aliyejenga awape nafasi waliokaa kando si jambo dogo. Ndiyo maana neno kodi ni la lazima hapo: alipwe, alipwe vizuri, lakini asiwe na uwezo wa kukataa.

Jumamosi, 28 Septemba. Lavington hadi Kawangware

Nimetembea Gitanga Road kutoka Valley Arcade mpaka Kawangware. Ni mwendo mfupi. Upande wa juu nguzo zimebeba nyaya za faiba za kampuni hii na ile, zimesokotana, kila lango la ghorofa lina kibandiko cha mauzo. Ukifika karibu na eneo linaloitwa Kongo, nyaya zinapungua, na vibandiko vinageuka kuwa vya mabando.

Mwezi huu Safaricom imeongeza kasi ya faiba ya nyumbani bila kupandisha bei. Wa shilingi 2,999 ametolewa megabiti 10 akapewa 15 kwa sekunde. Wa 6,299 ametoka 40 akaenda 80. Wa 12,499 alikuwa na 100, sasa ana 500. Sababu yake kila mtu anaijua: Starlink, intaneti ya satelaiti. Iliingia Kenya Julai 2023 kwa vyombo vya bei ya kutisha, na mwaka huu imeshusha, hadi mtu anaweza kukodi chombo kwa shilingi 1,950 kwa mwezi. Mwezi Julai Safaricom iliiandikia Mamlaka, ikitaka kampuni za satelaiti zisipewe leseni za kujitegemea, zipitie kwa walio na miundombinu nchini. Barua ilipojulikana watu walikasirika. Miezi miwili baada ya barua hiyo kasi ikapanda. Rais naye, akiwa New York mwezi huu, amewasimulia wafanyabiashara jinsi kuileta Starlink kulivyomkera mkuu wa Safaricom, Peter Ndegwa. Kwa hiyo ushindani ukija unafanya kazi, na unafanya kazi upesi. Sina shaka na hilo.

Lakini umefanya kazi upande gani wa Gitanga Road? Nimepiga hesabu nikiwa nimesimama pale pale. Familia yenye faiba ya 2,999 ikitumia gigabaiti 300 kwa mwezi, na kwa runinga na watoto wawili si ajabu, kila gigabaiti imewagharimu shilingi 10. Jirani yangu Kangemi akinunua megabaiti 250 kwa mbao, gigabaiti yake ni shilingi 80. Mara nane. Na huyo wa mara nane hupoteza kilichobaki saa ya kesho ikifika.

Jirani huyo hufua nguo Lavington siku tatu kwa wiki. Mwajiri wake amempa nywila ya waifai, Mungu ambariki mama yule. Anaponing'iniza nguo, simu iko dirishani inapakua: katuni za mdogo, karatasi za mitihani ya mkubwa, nyimbo za kwaya ya kanisa. Jioni anabeba data Lavington kuileta Kangemi ndani ya simu, jinsi tulivyokuwa tukibeba maji. Ananieleza bila uchungu wowote, kama mbinu nzuri aliyoigundua. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Alhamisi, 10 Oktoba. Siku ya Mazingira

Sikukuu. Nimeongea na rafiki yangu wa Dar es Salaam, tuliyesoma pamoja. Nilimwambia nataka Mamlaka yetu ipange bei ya juu kabisa ya megabaiti. Akanicheka kwa upole, akanikumbusha Aprili 2021. TCRA, mamlaka yao ya mawasiliano, iliweka bei elekezi, kati ya shilingi 2.03 na 9.35 za Tanzania kwa megabaiti, na kanuni mpya za vifurushi. Siku kanuni hizo zilipoanza kutumika, watu waliamka wakakuta vifurushi vimepanda, wengine wakipata sehemu ndogo tu ya walichozoea kwa pesa ile ile. Nchi ikafoka, na serikali ikaamuru vifurushi virudishwe vya zamani. "Dada yangu," akasema, "ukimwekea mfanyabiashara sakafu na dari, atapanda ngazi ya darini."

Afrika Kusini walienda njia nyingine. Tume yao ya Ushindani ilichunguza miaka miwili, ikatoa ripoti Desemba 2019, na kiini chake ni kile ninachokitazama ukutani kwa kibanda: anayenunua kidogo analipa zaidi kwa kila kipimo, na mnunuzi wa kidogo ni maskini. Vodacom na MTN zikapewa muda wa kushusha au zishtakiwe. Aprili 2020 zikashusha. Vodacom hiyo ndiyo yenye hisa kubwa Safaricom pamoja na serikali yetu, kwa hiyo somo hilo wanalo nyumbani.

 

Jumanne, 5 Novemba

Starlink imesitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani. Nafasi imejaa. Nilitarajia. Satelaiti moja inagawia eneo pana, na Nairobi watu wamebanana. Chombo kinachomfaa mfugaji wa Marsabit hakiwezi kuubeba mtaa wa Pipeline au Kangemi yote. Waliokuwa wakisema ukombozi wa bei utatoka angani wapunguze kidogo. Mji unahitaji waya na minara.

Waliofika kwetu kwa waya na antena ni kampuni ndogo. Poa, kwa mfano, imekuwa ikiuza intaneti ya nyumbani isiyo na kipimo kwa shilingi 1,500 kwa mwezi katika mitaa kama Kibera na Kawangware. Na kuna vijana wanaonunua laini moja ya faiba na kuigawa plotini kwa waifai ya saa. Wengi hawana leseni. Ningekuwa Mamlaka ningewatafuta niwape leseni rahisi ya mtaa kabla sijawatuma polisi.

Jumamosi, 16 Novemba

Tumekuwa tukiandika barua ya wakazi kwa Mamlaka kuhusu bei za data, na sasa iko karibu kuisha. Jana jioni niliisoma kwa sauti mbele ya majirani, chumba kimejaa. Sehemu ya kwanza ilikuwa na sentensi moja: bando lolote lisife. Nilitegemea makofi.

Kijana wa bodaboda akainua mkono. "Mama, hiyo itaniua mimi." Akaeleza. Jioni ananunua bando la saa moja, anatuma na kupakua kila kitu mbio, anazima data. Gigabaiti nzima kwa ishirini na ushei. Kampuni inaweza kumuuzia hivyo kwa sababu inajua wengi hawataimaliza. Ikilazimishwa kuitunza milele, itaiuza kwa bei ya mwezi, na yeye atarudi kwenye megabaiti. Alisema pia kwamba tangu Oktoba 2019 mabando yasiyoisha muda yapo, baada ya wakili mmoja kuzishtaki kampuni, na hakuna anayeyanunua hapa kwa sababu ya bei yake. Yuko sahihi, na hesabu yake ni safi kuliko ya wachumi wengi ninaowasikia redioni.

Tumekaa hadi usiku. Sentensi ikabadilika. Tunaomba kilichobaki kihamie kwenye bando linalofuata la aina ile ile, mradi ulinunue ndani ya siku tatu. Mtu wa saa moja anabaki na saa moja yake kwa bei yake, lakini mwanafunzi hapokonywi nusu ya alichokilipia. Mama wa kibanda akaongeza: kila bango liandike bei ya gigabaiti moja kwa ukubwa ule ule wa bei ya bando. Limeingia.

Kuhusu kodi tumeandika kwa ufupi, ingawa Mamlaka haina mamlaka nayo: ushuru wa bidhaa uondolewe kwenye mabando ya chini ya shilingi 50. Nakala iende kwa mbunge wetu wa Westlands na kwa kamati ya fedha ya Bunge.

Sehemu ya minara bado inanisumbua. Nimeandika kwamba kila mwenye mnara atangaze bei ya kukodisha nafasi, iwe moja kwa wote, na anayekataa mpangaji aeleze sababu kwa maandishi ndani ya siku 30. Fundi wa minara anayeishi plot ya nyuma anasema siku 30 hazitoshi kukagua uzito ambao mlingoti unaweza kubeba, tuandike 60. Na anasema tumesahau stima: mpangaji lazima alipie umeme na dizeli ya jenereta kwa mita yake mwenyewe, la sivyo ugomvi utaanzia hapo. Kesho baada ya kanisa anakuja tuiandike upya pamoja, na Jumatatu, kabla ya kwenda Loita Street, nitashuka Waiyaki Way, kwenye ofisi za Mamlaka, na nakala mbili, moja nigongewe muhuri wa kupokelewa.